Udongo Kwenye Kikaango

Zubeda mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naiona kutoka dirishani. Uko uani unaanua nguo. Kila ukitoa moja kwenye kamba unaikunja, kisha unaifungua na kuikunja upya, kwa hiyo najua kwamba hata wewe huna utulivu. Mimi nimejifungia chumbani. Mama yako anadhani nimelala, kwa sababu aliniona nikiingia na shuka. Acha adhani hivyo. Kesho alfajiri unaondoka, na nina maneno ambayo nimejaribu kukwambia kwa mdomo tangu ulipoanza kupanga sanduku, ila kila yanapofika kooni najikuta nakuuliza kama umekunywa chai.

Nakuandikia kwa Kiswahili, usinicheke. Kikakwa chetu nakisema tu, sijawahi kukiandika, na Kiingereza changu ni cha kusoma vibao vya barabarani. Kiswahili nilifundishwa kukiandika kambini nilipokuwa dereva wa malori ya jeshi. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani aliyechapa vidole kwa rula mtu akikosea. Ndiyo maana mwandiko wangu ni mzuri kuliko wako, wewe uliyesoma mpaka chuo kikuu.

Habari za nguo za baridi, za sala na za kula vizuri, shangazi yako amekwisha kukuchosha nazo, sitaongeza kitu. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya hofu.

Ninaogopa, Zubeda. Kwanza naiogopa barabara. Jana nilikwenda stendi kumwona dereva atakayekuchukua mpaka Kampala, nikamuuliza habari za daraja la Karuma na wale waasi walioko msituni. Akanipiga begani kama vile mimi ndiye mtoto wake. "Hapana ogopa, muzee. Askari iko mbele, askari iko nyuma."

"Na katikati?"

"Katikati iko Mungu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikihesabu magari niliyosikia kwamba yamechomwa. Mungu namwamini, lakini hata yule dereva nilimwona ameweka gunia la mchanga mlangoni upande wake. Upande wa abiria hakuweka kitu. Nilitaka nikuambie usiende. Nilifika hadi mlangoni pako, nikakukuta unaimba huku umepiga magoti juu ya sanduku ili lifunge, nikageuka.

Lakini barabara siyo hofu yangu kubwa. Barabara kila mtu wa Arua anaiogopa, na ndege ndogo ni ya watu wenye hela. Hofu yangu kubwa ni sababu ya safari yako. Umepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma vitu vidogo vilivyo ndani ya seli, watu wote wanakupongeza, na mimi baba yako ninaogopa kwamba unakwenda kwa sababu ya mdogo wako aliyekufa. Ninaogopa umembeba miaka yote hii bila kutuambia. Na ninaogopa vilevile kwamba labda hukumbuki chochote, na kwamba barua hii ndiyo itakayokutwisha mzigo ambao hukuwa nao. Nimeanza kuiandika mara kadhaa nikaichana. Hii sitaichana, na sababu nitakwambia mbele.

Wiki iliyopita nilikuomba unieleze unakwenda kusoma nini hasa. Wenzangu wa stendi wananiuliza kila siku, nami nawajibu tu "Udaktari", jambo ambalo najua si kweli. Ulicheka, ukaniuliza, "Baba, wewe nashusha mizigo namna gani?"

Nikakueleza kazi ninayoifanya tangu tuliporudi Uganda kutoka ukimbizini, ingawa umeiona tangu utotoni. Lori linafika limejaa magunia ya watu mbalimbali, ya simsim, ya tumbaku, ya kahawa. Kila mwenye mali ameshona kipande cha kitambaa kwenye mdomo wa gunia lake, huyu chekundu, yule cha maua. Mtu wa juu anateremsha gunia kwa kamba. Sisi wa chini hatungoji lifike. Tunanyoosha mikono, tunalikamata likiwa bado linaning'inia, tunaangalia kitambaa, tunalivuta mpaka stoo ya mwenyewe. Mtu mmoja hawezi, gunia litamvunja mgongo, kwa hiyo tunashika kundi zima, kila mmoja na upande wake.

Ulinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha ukasema, "Basi ni hivyo, Baba. Ndani ya seli iko mifuko, kidogo sana, macho hapana ona. Iko nabeba mizigo. Kila mufuko iko na kitambaa yake. Na karibu na ukuta iko protini, nyingi zimeshikana kundi moja, zinanyoosha mikono, zinakamata mufuko kabla hajagusa ukuta."

"Halafu mnafungua mlango."

"Mlango hapana. Ukuta yenyewe inafunguka."

Ukanionyesha kwa nyuzi za cherehani ya mama yako. Uzi mmoja umetoka kwenye mfuko, nyuzi nyingine zimetoka ukutani. Kundi likishakamata mfuko na kuuvuta karibu, hizo nyuzi zinasukana kama nywele za msichana, zinakazana, mpaka mfuko na ukuta vinabanana na kuwa kitu kimoja, na mzigo unamwagika nje. Ulisema wakubwa wenu wamegundua hizo nyuzi juzijuzi tu, na kwamba habari za lile kundi linalokamata kwanza bado ni giza. Linajuaje kwamba mfuko huu ni wake? Nani analiita? Hicho ndicho unachokwenda kutafuta. Macho yako yaling'aa, na nilifurahi, nikajiona mtu mwenye akili, nikauliza swali ambalo sikujua linatoka wapi.

"Na ule uzi ikikatika?"

Ulizikusanya zile nyuzi mkononi. Kisha ukasema bila kuniangalia, "Iko sumu inakata. Sumu ya pepopunda. Inakata uzi ya mufuko. Mufuko iko nafika, kundi iko nashika, lakini hapana funguka. Inangoja tu pale kwa ukuta."

"Inangoja na mzigo gani?"

"Neno la kuambia mwili legea. Neno la kaza inapita. La legea hapana pita."

Mama yako alikuwa akichambua maharage. Mikono yake ilisimama. Mimi nikauliza sumu hiyo inatoka wapi, ukasema, "Kwa udongo," ukainuka ukaenda kuosha vikombe. Vikombe vilikuwa safi, Zubeda. Nilikuwa nimeviosha mimi mwenyewe.

Sasa nitasimulia mambo kama yalivyokuwa. Ulikuwa mtoto, na huenda kichwani mwako yamekaa vibaya.

Serikali ya wanajeshi ilipoanguka tulikuwa nyumbani kijijini Midia. Mimi nilikuwa nimetoroka kambini bila viatu, na kila aliyewahi kuvaa nguo za jeshi alijua akipatikana itakuwaje. Tulikaa tukisikiliza. Halafu siku moja milio ya bunduki ikaanza kusikika upande wa Koboko, na bibi yako, mama yangu, akasema tuvuke Zaire kabla jua halijazama. Mama yako alikuwa na mimba kubwa.

Desturi yetu unaijua. Anayetoka nyumbani kwa safari ndefu anapewa udongo wa mlangoni kwake, umefungwa kitambaani. Na mtoto akizaliwa ugenini, ule udongo unapakwa kwenye kitovu chake, ili asiwe mgeni popote atakapokuwa. Bibi yako alinipigia kelele niuchote. Nikakimbia mlangoni na jembe, na pale mlangoni pakanishinda. Nilikuwa nimepiga saruji. Mshahara wangu wa jeshi wa mwaka mzima ulikuwa umeingia kwenye kizingiti na ngazi ile, kijiji kizima hakuna aliyekuwa na mlango wa saruji isipokuwa mimi, na watu walikuwa wakija Ijumaa kukaa juu yake wanisifu. Jembe liligonga likarudi. Milio ilikuwa inakaribia. Nikakimbia nyuma ya nyumba, walikolala mbuzi, nikachota pale.

Niliona kwamba ni mavi ya mbuzi na udongo pamoja. Nilijiambia nyumba ni moja, mbele na nyuma.

Bibi yako alifunga. Mimi nilikuwa na godoro na sufuria, mama yako alikuwa na tumbo lake, bibi alikuwa na unga. Kitambaa kilikuwa chepesi, ukapewa wewe. Ulikuwa bado hujaanza shule. Ulikibeba kwa mikono miwili mbele ya kifua njia nzima, hukukubali hata kukihamishia mkono mmoja, na tulipovuka mto ulikiweka kichwani kisilowe. Tulikusifu sana. Nakumbuka ulichoka, ukaniuliza, "Baba, nabeba mpaka wapi?" Nikakwambia mpaka tukifika.

Mdogo wako alizaliwa porini upande wa Zaire, mvua ikinyesha. Mvulana, mzima, mwenye sauti. Bibi alikata kitovu kwa bua la mtama kwa sababu wembe hatukuwa nao, kisha akasema, "Leta ile kitu, Zubeda." Ukaleta. Akapaka.

Kwa siku za kwanza alinyonya vizuri. Kisha mdomo ukakataa kufunguka. Mama yako alimkamulia maziwa kwenye midomo, yakateremka shavuni. Uso wake ulikaza kama mtu anayecheka, na ndicho kitu ambacho mpaka leo sikiwezi, ile sura ya kucheka. Mgongo ukajipinda. Sauti yoyote ilimshtua akakakamaa, mfuniko ukianguka, mtu akikohoa. Kwa hiyo tulikutuma wewe usimame njiani uwanyamazishe wapitanjia. Walikuwa wengi, dunia nzima ilikuwa inakimbia. Nilikuona kupitia majani umesimama peke yako, kidole mdomoni, watu wazima wenye mizigo vichwani wakikutazama na kupita kwa kunyata. Mzee mmoja Mkongomani aliuliza, "Huyu mutoto anafanya nini hapa?" Ukamjibu kwa kunong'ona, "Iko mutu nalala." Mdogo wako hakufika siku ya kupewa jina.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Hatukujua. Bibi yako alikufa akiamini mtoto alipatwa na jicho la mtu. Mama yako hajawahi kusema kitu. Mimi nilijua baadaye sana, tulipokwisha kurudi, muuguzi alipokuwa akiwachanja kina mama wajawazito dhidi ya pepopunda pale sokoni na kueleza kwa nini kitovu kisipakwe kitu. Nilikuwa na gunia begani. Nililiweka chini nikaenda kukaa nyuma ya lori, na wenzangu wakadhani nimeumia mgongo.

Tangu siku ile nimeishi na hofu ya aina moja tu. Si hofu ya kwamba nilimuua mwanangu. Hiyo nimeisema mbele ya Mungu, tunaendelea kubishana. Hofu yangu imekuwa juu yako. Ulipopenda biolojia kule shuleni Ediofe, niliogopa. Ulipoleta cheti ukasema utasomea mambo ya seli, watu wakachinja kuku, na mimi sikuweza kumeza. Ulipoamka usiku ulipokuwa msichana na kwenda kunawa mikono, ukanawa tena, nilikuwa macho nasikia maji. Nilijiambia ni wudhu. Sikuamka kuuliza. Baba mwingine angeamka.

Nilikuwa nimeazimia kukaa kimya mpaka uondoke, na pengine ningeweza. Lakini juzi shangazi yako alifika kutoka Midia na kitambaa chake cha udongo kimefungwa. Nilipokiona, nilimuuliza alikochota. Alikuwa amechota pale mlangoni, palipokuwa na saruji yangu. Tuliporudi kutoka Zaire nyumba ilikuwa imeungua yote, imebaki ile ngazi peke yake, na mimi niliivunja kwa nyundo kabla sijajenga kitu kingine chochote. Watu walisema vita vimeniharibu kichwa.

Nilitaka kumnyang'anya. Nilikwisha kuinua mkono. Wewe ukapokea kwa mikono miwili, ukapiga goti ukashukuru kama inavyopasa. Halafu ukaenda jikoni, ukakoleza makaa, ukaweka kikaango, ukamimina udongo ndani.

Shangazi yako alishika kiuno. "Zubeda, wewe nakaanga udongo kama simsim? Nani atakula?"

"Hapana kula, Shangazi. Iko naua kitu ndani."

"Ndani iko nini?"

Ulikaa juu ya kigoda ukakoroga kwa mwiko, ukaongeza makaa, ukakoroga. Moshi ulikuwa na harufu ya mvua ya kwanza. Shangazi alilalamika mpaka akachoka, akaenda kuswali, akarudi akakukuta bado. Nilikuuliza kama kuchemsha na maji kusingetosha, ukasema hapana, hiyo kitu iko na ganda ngumu, maji hapana weza. Kisha uliinua macho ukanitazama. Ulinitazama muda mrefu, na mimi nikatazama kuku.

Ndipo nilipojua kwamba unakumbuka kila kitu. Na ndiyo maana barua hii sikuichana, kwa sababu siwezi tena kukutwisha usichokuwa nacho.

Sasa sikiliza, mama yangu. Nakuita hivyo kama nilivyokuita ulipokuwa mdogo. Udongo niliuchota mimi, mahali ambapo hapakupasa, kwa sababu ya majivuno ya mlango. Bibi yako alifunga na akapaka, kwa mapenzi. Na huenda si udongo hata kidogo, huenda ni lile bua la mtama, hakuna atakayejua kamwe, wewe mwenyewe mwenye elimu hutajua. Wewe ulibeba. Uliniambia wiki iliyopita kwamba ile mifuko haijui kilichomo ndani yake, inakwenda inakovutwa tu. Nilikuelewa vizuri kuliko ulivyodhani.

Kama unakwenda ng'ambo kwa sababu unapenda kujua namna lile kundi linavyokamata mfuko wake, nenda, na nitaivumilia hofu ya Karuma kwa kuuma meno. Lakini kama unakwenda ili siku moja mtu akwambie huna kosa, usiende mbali hivyo. Huna kosa. Nimekuandikia kwa mkono wangu, na mwandiko unaujua.

Kuna jambo moja niliuliza siku ile ukadhani ni mchezo. Niliuliza mfuko ukishakuwa kitu kimoja na ukuta, ndiyo mwisho wake? Unapotea? Nilikuwa nauliza habari zako. Niliogopa utafika kwa watu wale, uwe kitu kimoja nao, usahau njia ya Arua. Ukasema, "Inarudi, Baba. Iko protini ingine inashika ukuta, inavuta ndani, inakuwa mufuko tena. Hapana ileile kabisa, lakini inarudi." Nimelala na maneno hayo tangu siku ile. Ukirudi si yuleyule kabisa, sitalalamika.

Umemaliza kuanua nguo. Nasikia mama yako anakuita, na sauti yake si ya mtu anayeita kwa ajili ya nguo. Labda yeye naye ana ya kusema. Kaa naye. Mimi nitangoja hapa na shuka langu mpaka mmalize.

Alfajiri nitafunga sanduku lako juu ya gari kwa mkono wangu, kwa kamba yangu, na vijana wa stendi wasiguse. Barua hii nitaitia chini ya kile kitambaa kipya chenye udongo uliokaangwa. Nimekwisha kuushika. Ni mkavu, mwepesi, haushikani na vidole. Huo beba, ni wa mlango wako.

Ule wa zamani ni mwingine. Uliniuliza njiani ubebe mpaka wapi, nikakwambia mpaka tukifika. Halafu mtoto akafa, sote tukasahau, na hakuna aliyerudi kukwambia kitu. Tumefika, Zubeda. Tumefika siku nyingi. Weka chini.

Baba yako